Usikubali kuwekewa rezista kwenye taa ya eabegi

Huyo fundi usimpe hata shilingi. Umesema gari limetoka bandarini juzi, taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofura gari likigonga) haizimi, na fundi wa Changamwe ataiweka rezista, kipande kidogo cha kukinza umeme, "taa itulie". Rezista hiyo ndiyo itakayokuzika.

Kompyuta ya eabegi haiuoni mfuko wenyewe. Inapima ukinzani wa waya tu, om 2 au 3 hivi. Ukichomekwa rezista ya kipimo hicho kwenye plagi ya manjano ya eabegi, kompyuta inaridhika: ukifungua swichi taa inawaka, inakaa sekunde chache, inazima kama gari jipya. Hata mashine ya kusoma hitilafu haioni kitu. Siku ukikutana na lori uso kwa uso kule Mariakani, umeme unakwenda kwenye rezista, na uso wako unakwenda kwenye usukani. Afadhali mwizi anayeng'oa balbu. Taa isipowaka kabisa ukifungua swichi, angalau unajua umeibiwa.

Ada hiyo ya rezista mimi nishailipa, tena nikashukuru. Chekeni. Fundi wangu aliniambia "hilo ni pambo la Wajapani, mshipi watosha". Muongo! Mishipi ya mbele, kwenye magari mengi haya, ina baruti ndogo inayoikaza kabla hujarushwa mbele, na inaamrishwa na kompyuta ileile. Taa ikibaki inawaka, huenda hata huo mshipi umebaki kitambaa. Hayo hakuyajua. Kuhesabu noti alijua.

Tafuta mwenye mashine inayosoma mfumo wa eabegi, si kile kidude cha kusoma injini peke yake, akupe namba ya hitilafu. Kama honi nayo imekufa, au vitufe vya usukani havijibu, shuku utepe wa nyaya unaojiviringisha nyuma ya usukani. Hukatika fundi akirudisha usukani bila kuuweka utepe katikati. Taa ikiwa ilianza baada ya kuosha mazulia au kusogeza viti, tazama plagi za manjano chini ya kiti. Maji na chumvi ya hewa yetu huzila.

Kabla ya kugusa waya wowote wa manjano: zima swichi, toa waya hasi wa betri, ngoja. Toyota wanataka sekunde 90 kwa uchache. Wewe ngoja dakika tatu, chai haipoi. Kompyuta hubaki na umeme wa akiba. Na eabegi haipimwi kwa mita, kwani umeme wake mdogo waweza kuilipua mikononi mwako.

Ikionekana mfuko haumo (kava la usukani lina rangi tofauti, ukingo una gundi), usikimbilie mfuko wa mtumba. Vilipuzi vya kufurisha mfuko vya Takata, kampuni ya Kijapani ya eabegi iliyofilisika 2017, vilitumia amoniamu naitreti inayoharibika kwa joto na unyevunyevu, kisha vyaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevunyevu, yakhe, ndiyo Mombasa yenyewe! Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji kule Japani, uone kama gari lako liliitwa kubadilishiwa vilipuzi hivyo.

Na huyo fundi, mwambie rezista yake akaitie kwenye redio.