Kingamwili na kemo: msiache matibabu yaliyoanza

Pole sana dada. Umeuliza kama mdogo wako mwenye lukemia, yaani saratani ya damu, asubiri dawa ya blinatumomab aliyoisoma mtandaoni, badala ya kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) aliyopangiwa Muhimbili. Tafadhali asisubiri. Lukemia kali huenda mbio, wiki chache tu zinaweza kumharibia nafasi yake.

Hiyo dawa ni nzuri kweli, Marekani waliiidhinisha mwaka 2014. Ni kingamwili, yaani protini ya kinga, chenye mikono miwili: mmoja unashika alama ya CD19 iliyo juu ya seli B (aina ya chembe nyeupe za damu) zenye saratani, mwingine unaivuta seli T, chembe nyeupe ya kinga ya mgonjwa mwenyewe, ije kuziua. Lakini inaingia kwa dripu ya pampu mfululizo siku 28, usiku na mchana, na inaweza kuvuruga ubongo. Ndiyo maana mgonjwa huandikishwa sentensi kila siku. Mwandiko ukianza kupotoka, daktari anaitwa haraka. Na mara nyingi huja baada ya kemo au pamoja nayo.

Swali la kumuuliza daktari ni hili: lukemia yake ni ya seli B, seli T, au ya myeloidi (kundi jingine la seli za damu)? Ikiwa ni ya seli T, blinatumomab haina cha kushika. Ya myeloidi ina kingamwili chake, gemtuzumab, kinacholenga CD33.

Kwa sasa kusanyeni ndugu wakachangie damu. Kemo hushusha sana chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na zikishatolewa na wachangiaji hazihifadhiki zaidi ya siku chache.