Kabla Hujaigeuza Nyumba ya Babu Kuwa Hoteli

Juzi usiku, nimetoka kusali Isha tu, simu ikalia ujumbe kutoka Maskati. Kijana ambaye hatujawahi kuonana, ila ananiita khalati, yaani mama mdogo, kwa heshima, ameniandikia kwamba baba yake amefariki na wameachiwa nyumba 2 zilizogusana hapa Mji Mkongwe, Zanzibar. Yeye na ndugu zake wanataka kuziunganisha ziwe hoteli ndogo ya hadhi, vyumba vichache, mambo ya kwetu. "Khalati, nianze na nini?" Akaniambatishia picha 6. Nne ni za mlango.

Nimeamua nimjibu hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mna nyumba Mjini, au fungu katika nyumba ya Mjini, na kila mkipita mkaona wageni wanapiga picha kwenye baraza la jirani, roho inawauma.

Mlango wako ni mzuri, mwanangu. Wa Kihindi, na njumu zake za shaba zote zipo, jambo ambalo siku hizi ni nadra. Lakini mlango haukuangukii kichwani wala haukupeleki mahakamani. Mimi pia nilianza na mlango. Nilimlipa fundi auchongee upya ua lililokatika, aupake mafuta, nikautazama siku nzima kama mtoto. Nyuma yake nyumba ilikuwa inaoza.

Nyumba zetu ziko Kiponda. Babu alizinunua kwa nyakati mbili: moja akamweka bibi mkubwa, ya pili akamweka bibi mdogo. Ukuta ni mmoja kati yao, na katika ukuta huo palikuwa na mlango uliozibwa kwa mawe siku wake wenza walipogombana. Sisi wajukuu tulikua tukiujua kwa mstari wa plasta tu. Mama alipofariki mwaka 2014, kaka yangu mkubwa alisema tuuze. Alikuwa na mnunuzi wa kutoka nje, pesa mkononi. Mimi nikasema siuzi alipozaliwa mama. Maneno yaliyosemwa siku ile ukumbini sitayaandika. Kwa hesabu ya mirathi fungu la kaka ni mara 2 ya langu, na nililinunua lote, mpaka shilingi ya mwisho. Niliuza kiwanja changu cha Fuoni na dhahabu ya harusi yangu. Tangu apokee pesa hajakanyaga kizingiti.

Warithi tulikuwa 11, wametawanyika Unguja, Dar es Salaam, Maskati, Dubai na mmoja London. Miaka 2 ilikwenda katika hati za uwakala na Mahakama ya Kadhi. Nikadhani nimemaliza. Kumbe binti mmoja aliyeko Dubai, wa marehemu mjomba, hatukumhesabu. Kila mtu alidhani fungu la baba wa binti huyo lilishatolewa zamani. Wiki ile ile tumeshusha bati na boriti za juu, ikaja barua ya zuio. Kazi ikasimama miezi 7. Masika ikaingia ndani ya nyumba isiyo na paa.

Hayo maji ndiyo yaliyonifundisha yote ninayoyajua. Asubuhi moja nilipanda ngazi na mwavuli ndani ya nyumba yangu, nikasikia ukuta unatoa sauti, tsss, kama chungu kinachochemka mbali. Nikaweka kiganja. Ulikuwa laini.

Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Ukuta una unene wa nusu mita na zaidi, lakini si mgumu kama mnavyodhani. Ni kama mkate. Unanyonya maji kutoka ardhini na kutoka juu, halafu unayatoa kidogo kidogo kupitia plasta ya chokaa. Hivyo ndivyo umeishi zaidi ya miaka 100. Ukiukandika saruji umeuziba pumzi. Maji yanabaki ndani, yanapanda na chumvi yake, yanafika penye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, na boriti zinaanza kuoza pale pasipoonekana na mtu.

Mkandarasi wangu wa kwanza, simtaji, alipiga saruji kuta zote za chini. Zilinyooka, zikang'aa, nikampa mkono. Baada ya masika zilipasuka kama tope lililokauka, na nyuma ya plasta kulikuwa na unga mweupe wa chumvi uliosimama kama nywele. Nilimwendea mzee mmoja wa Mkunazini, mwashi aliyestaafu, nikamwomba aje atazame tu. Alikuja na nyundo ndogo. Hakusema kitu. Akapanda ghorofa ya kwanza, akagonga boriti moja moja karibu na ukuta, akisikiliza kama daktari. Ya tano ikajibu sauti ya debe tupu. Akachomeka msumari kwa kidole gumba, ukazama wote. Akauchomoa, ncha imejaa unga wa kahawia, akanionyesha. "Hii ndiyo unataka Mzungu alale chini yake?"

Nililia mbele ya mafundi. Kesho yake tukaanza kubandua saruji yote niliyoilipia.

Ilituchukua miezi 4 kubandua na miezi 2 kuziacha kuta zikauke bila kuguswa. Chokaa tuliizima kwenye shimo uani tukaiacha ilale na maji yake. Mzee alikataa kabisa kutumia chokaa ya jana. Mchanga wa pwani alikataa pia kwa ajili ya chumvi. Boriti za mikoko tulizinunua kwa taabu, maana leo kukata mikoko kunahitaji kibali, na mbovu tulizotoa zilikuwa 60. Paa la nyumba ya bibi mdogo tulirudisha sakafu ya chokaa, na kina mama 8 kutoka Ng'ambo waliipiga kwa vibao siku 3 wakiimba. Majirani walitoka madirishani. Bibi mmoja wa nyumba ya mbele alisema hajasikia mlio ule tangu msichana.

Sasa vyumba, maana ndicho mnachokitaka. Kaeni mkijua kwamba upana wa chumba cha Mjini uliamuliwa na mkoko. Boriti haifiki mbali, kwa hiyo vyumba vyetu vina upana wa mita 2 na nusu, karibu 3, na urefu mkubwa. Kitanda cha sita kwa sita ukikiingiza humo, mgeni anapita ubavu ubavu. Mhandisi kijana alinishauri nivunje kuta za kati niweke nguzo za zege. Nilikataa, na ninashukuru. Tulichonga samadari za futi 5, tukazilaza kwa urefu wa chumba, na zidaka za ukutani zikawa meza za taa. Nilitaka vyumba 14. Nimepata 9.

Na zile nyumba 2? Tulipofungua ule mlango uliozibwa na wake wenza, tulikuta sakafu za nyumba hizi hazikutani. Moja iko juu ya mwenzake karibu futi 2. Mhandisi akataka tusawazishe. Mzee akaweka ngazi 4 za mawe. Leo ndipo wageni wote wanapokaa kupiga picha, na mimi nikipita pale husoma Fatiha kwa bibi zangu wote wawili.

Kabla sijaanza nilikwenda kuzitazama kazi za wenzangu, na nanyi nendeni. Pale Hurumzi, nyumba iliyokuwa ya Tharia Topan, yule tajiri aliyeshika forodha enzi za Sultani Seyyid Barghash, iligeuzwa hoteli katika miaka ya 1990 na Emerson Skeens, Mmarekani aliyeupenda mji huu mpaka alipofariki mwaka 2014. Hakuna vyumba viwili vilivyofanana mle, kwa sababu aliifuata nyumba. Nendeni na Shangani mkaone hoteli ya Serena, majengo mawili yaliyounganishwa: nyumba ya zamani ya simu na ile waliyokaa madaktari wa Kichina. Tazameni walivyopita kutoka jengo moja kwenda la pili, msitazame mapazia.

Choo kimeua nyumba nyingi kuliko vita. Kila mgeni anataka choo na bafu chumbani, na kila bafu lililowekwa juu ya boriti bila mpango ni mvua ya kila siku ndani ya nyumba. Wazee walipanga vyoo vyao vikae juu ya vyoo, kona moja, toka juu hadi kwenye karo, shimo la maji machafu. Ifuateni kona hiyo. Sisi mabafu 6 kati ya 9 yako kwenye kona za zamani, na mabomba yote yanapita mahali ambapo mtu anaweza kuyaona na kuyafikia. Bomba lililofukiwa ukutani likivuja, utalijua mwaka wa pili.

Na matangi. Lita 1,000 za maji ni tani 1. Jirani yangu alipandisha matangi 5 ya lita 2,000 juu ya paa lake. Hizo ni tani 10 zimekaa juu ya mikoko ya enzi za masultani. Nilimwendea nikamsihi, akasema nina husuda. Yangu nimeyachimbia uani, pampu inapandisha maji kidogo kidogo kwenye tangi dogo lililokaa juu ya makutano ya kuta.

Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe ni lazima, kila dirisha na kila rangi ya nje, na mji huu ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Leseni na kodi sitazieleza, ofisi zenyewe zitakuelekeza. Barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, ifuateni mapema, na kabla ya hiyo barua pigeni hodi kwa majirani mmoja mmoja. Uchochoro wenu hauna gari. Kila mfuko wa mchanga utapita kichwani kwa hamali mbele ya baraza la mtu, kwa miaka. Mimi niliwaahidi majirani hakuna nyundo wakati wa sala wala mwezi wa Ramadhani, na pombe haitauzwa, maana msikiti uko hatua 20. Nimepoteza wageni kwa hilo. Nimebaki na majirani.

Tulifungua mwishoni mwa 2019. Miezi michache baadaye ndege zikakatika kwa sababu ya korona, na vitanda 9 vikakaa na shuka safi bila mtu. Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la masultani, ikaporomoka ikiwa katika matengenezo, na wafanyakazi 2 wakafa. Jumba lililojengwa mwaka 1883, nguzo za chuma, fahari ya mji mzima. Nilikwenda Forodhani jioni ile nikasimama na watu, vumbi bado liko kwenye miti. Nilirudi nyumbani nikachukua nyundo, nikagonga boriti zote 212 peke yangu, chumba hadi chumba, mpaka alfajiri. Tangu hapo nafanya hivyo kila mwaka kabla ya masika, na kila anayenifanyia kazi amefundishwa kuisikia sauti ya debe.

Ndugu zangu, nyumba hizi si mtaji kwanza. Ni amana. Kuna watu walizipoteza baada ya Mapinduzi ya 1964, kuna walioziacha wakapanda jahazi usiku, kuna zilizowekwa wakfu kwa ajili ya maskini na misikiti. Unapoishika funguo yako usidhani umeshika mali yako peke yako. Wahesabuni warithi mpaka wa mwisho, hata yule msiyeelewana naye, hata yule aliyezaliwa nje. Mimi nimeshinda kesi na nimejenga hoteli inayojaa kuanzia Juni hadi Septemba, na bado siku ya Idi nampikia biriani kaka ambaye haji. Namtumia kwa mtoto wa jirani. Sufuria hurudi limeoshwa.

Kwa hiyo, mwanangu wa Maskati, usiajiri mchoraji bado, na usitafute jina la hoteli. Ukipata likizo njoo Aprili, mvua ikinyesha, ulale humo usiku mmoja, usikilize. Kwa sasa nitumie vitu viwili: picha ya dari ya ghorofa ya juu, pale boriti zinapoingia ukutani, na majina ya warithi wote kwa mwandiko wa mkubwa wenu. Nitakwenda na mzee wa Mkunazini Ijumaa baada ya sala. Mwambie anayekaa na ufunguo anitarajie.