Kwa mnaoanza kushika kaunta ya saiba

Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanipandisha presha. Juzi nimekaa kwenye benchi la saiba moja, duka la intaneti na kuprinti, huku Langoni, Lamu, nikingoja fotokopi, namsikia kijana anamwuliza bibi mmoja mtu mzima, "Pasiwadi yako ya eCitizen ni ipi?" Yaani akaunti yake ya huduma za serikali. Bibi wa watu akaitaja herufi moja moja, sote tukisikia, na mwenye punda aliyekuwa akipita nje pia. Kijana akaiandika kwenye daftari la kaunta, chini ya pasiwadi za wateja wengine. Kisha akageukia kompyuta ambayo desktopu yake imejaa nakala za vitambulisho hata picha ya nyuma haionekani. Makosa haya nayajua yote. Mengine niliyaanzisha mimi.

Bei ya kuprinti rangi na namna ya kutikisa tona inayokwisha mtajifunza wenyewe. Haya mengine yaandikeni.

1. Safisha mteja akiwa bado kitini. Ninyi mnangoja usiku, macho mazito, mnachagua faili zote, mnabonyeza Delete, mnafunga mlango. Na waliokalia kiti kile tangu asubuhi je? Mtu akimaliza, futa mbele yake, naye aone. Tumia Shift+Delete ili faili isipitie kwenye pipa la taka. Lakini usifute kabla hajafungua barua pepe kwenye simu yake akaona kweli imefika. Kuna mwalimu alinirudia akitafuta fomu ya uhamisho aliyoijaza kwa taabu, nami nimeshaifuta, na flashi yake ina virusi vya shotikati, vile vinavyoficha faili, haonekani mtu wala faili. Siku hiyo programu ya kurudisha faili ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu kwenye diski ngumu zile za zamani kufuta ni kuondoa anwani tu. Yaliyomo hubaki palepale mpaka yaandikwe mengine juu yake. Nilifurahi kupita kiasi. Ilinichukua muda kufahamu kwamba kilichonirudishia fomu ya mwalimu kinaweza kumrudishia yeyote cheti cha yeyote.

2. Jina la faili nalo ni siri. Hapa niacheni nikae kidogo.

Alikuja mama mmoja wa mtaani kwetu na karatasi kutoka kwa Kadhi. Alitaka iskaniwe, apelekewe kakake Mombasa. Nilipomtazama usoni nilijua jambo hili halijatoka nje ya nyumba yao. Nami wakati ule nilijiona bingwa wa mpangilio, sikubali faili liitwe Scan0001 kwa uvivu. Nikaipa jina lake, la babake, la ukoo, na mwishoni "talaka". Nikaifungua nihakikishe haikupinda, nikaituma, nikaifuta, nikamwaga na pipa la taka. Akaniombea dua, akaenda zake.

Baada yake akaketi kijana wa kuprinti CV. Kufungua tu ile programu ya PDF, orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni ikamtokea, na ya juu kabisa ni ile yangu niliyoipanga vizuri. Ukiibonyeza haifunguki, maana haipo. Lakini afungue ya nini? Jina lilikuwa limekwisha kumwambia yote. Na Lamu mnaijua. Kabla ya Alasiri pale uwanjani Mkunguni walikuwa wanahesabu eda yake itakwisha lini, na wengine wameshamtajia mchumba.

Nyumba zetu za kale mtu hupita daka, baraza ya mlangoni, akapita tekani, ukumbi mdogo wa ndani, na milango haikuelekeana, ili mpita njia asione kiwandani, yaani uani. Mimi nilitoa jambo la ndani ya nyumba kama hiyo nikaliweka kwenye skrini ya umma, tena kwa herufi nzuri.

Mama alirudi kesho yake. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Mwanangu, kuniskania ulinitoza. Kunitangaza ni bure?" Nikaanza kumweleza habari za faili kufutwa na orodha kubaki, nikajisikia mwenyewe ninavyopayuka. Hajarudi tena, wala dadaze, wala watoto wa dadaze. Na sikuweza hata kumwomba radhi sawasawa, kwani kila nilipomwendea watu walitukodolea, wakijua tunazungumza nini.

Basi: herufi mbili na namba, yatosha. Kisha futa orodha ya karibuni kwenye programu ya PDF, kwenye Word, na historia ya faili ya Windows yenyewe. Historia ya brauza hufutwa kwa Ctrl+Shift+Delete.

3. Lile dirisha la faragha la Chrome mnalolisifu halifuti kilichopakuliwa. Historia huondoka, PDF ya mteja hubaki kwenye folda ya daunlodi ikimngoja mwingine.

4. Mteja akiprinti kutoka WhatsApp, asinyanyuke kabla hajaiondoa kompyuta yako kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kwa simu yake mwenyewe.

5. Windows 10 na 11 zina mpango wa kujisafisha zenyewe, uitwao Storage Sense. Uwasheni, ila daunlodi haziguswi mpaka uziruhusu.

6. Msimfungulie mtu akaunti kwa barua pepe ya saiba. Najua mama hana barua pepe na foleni ni ndefu. Mfungulieni yake, kwenye simu yake, pasiwadi aandike kwa mkono wake kwenye kibodi, nanyi mtazame ukutani. Siku saiba ikifungwa, au mkigombana na tajiri mwenye saiba, huyo mama ataipata wapi akaunti yake? Na tajiri akilalamika mnapoteza wakati, mwambieni Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu hali ya ndoa kuwa data nyeti, sawa na afya ya mtu na majina ya wanawe, na kwamba faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Mimi sheria hiyo niliisoma nikiwa nimechelewa.

7. Karatasi zilizoharibika ni faili pia. Najua mwuza bajia huja kuziomba, na ni mtu wa watu, hamwezi kumnyima. Mpeni magazeti. Mimi nimekula bajia juu ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa jirani, mafuta yamelowesha kila kitu isipokuwa jina la baba, na lile jina silo tulilokuwa tukilijua mtaani. Nililikunja, nikalitia mfukoni, nikalichoma jikoni kwangu, na mke wangu mpaka leo anauliza nilikuwa nachoma nini.