Wadogo zangu, kabla hamjamtetea wala kumshitaki Aurangzeb

Juzi nilisikiliza mawasilisho manne ya mwaka wa kwanza. Mawili yalimpeleka Aurangzeb, yule mfalme Mwislamu wa dola ya Mughal kule India, peponi, mawili motoni, na kila moja lilisimama juu ya hati moja tu. Nawapenda, ndiyo maana nawaandikia.

1. Tarehe kwanza. Farmani ya Banaras, yaani amri yake ya kifalme inayokataza Wabrahmani, makuhani wa Kihindu wa mji ule, kusumbuliwa, ni ya 1659. Nilipokuwa kwenye umri wenu niliishika kama ngao. Mimi ni Mwislamu wa pwani, nimekua nikila vyakula vya Diwali kwa majirani zetu Wahindu, na niliumia kusikia Waislamu wote wakitupiwa lawama za mfalme mmoja. Nikasimama kwenye semina nikasema aliyeandika farmani ile hakubomoa hekalu. Dada mmoja, Mhindu, akauliza taratibu, "Na Vishvanath?" Nikamjibu kwamba hayo ni maneno ya chuki. Wadogo zangu, hekalu la Vishvanath, Banaras hiyohiyo, lilibomolewa kwa amri yake 1669, na la Keshavdev kule Mathura, 1670. Nilizijua tarehe hizo! Zilikuwa kwenye daftari langu, nikaziruka kwa kuwa ziliharibu hoja. Nilikaa wiki nzima ndipo nikaenda kumwomba radhi. Akaniambia hekalu lilibomolewa zamani, lakini mimi nilimfanya mzushi mbele ya wenzake wiki iliyopita tu. Sijapata jibu la maneno yale hadi leo.

2. Takwimu ziendane na sababu. Ni kweli, miaka yake ya mwisho Wahindu walikaribia theluthi ya mansabdar wakubwa, yaani maofisa wenye vyeo vya dola, sehemu kubwa kuliko hata enzi ya Akbar, babu wa baba yake. Wengi walikuwa Wamaratha, Wahindu wa magharibi ya India, waliovutwa upande wake na vita vya Dakani, kusini. Na jizya, kodi ya wasio Waislamu, aliirudisha 1679, miaka 115 tangu Akbar aifute.

3. Mnaomshitaki kwamba aliwapiga Wahindu tu, msiziruke falme za Bijapur na Golkonda. Aliziteka 1686 na 1687, na watawala wa falme hizo walikuwa Waislamu.

4. "Wahindu walimwonaje?" Wahindu gani? Jai Singh wa Amber, mfalme Mhindu, alimwongozea jeshi dhidi ya Shivaji, kiongozi wa Wamaratha, 1665. Mmaratha aliyesikia Sambhaji, mwana wa Shivaji, kauawa kwa amri ya Aurangzeb 1689 hakumwona kama Jai Singh alivyomwona. Na Masingasinga wana Guru Tegh Bahadur, kiongozi wao wa dini aliyeuawa kwa amri yake 1675. Anzeni hapo, si kwenye asilimia.

Mwenye wasilisho la tatu, ongeza 1669 kwenye ukurasa wako wa pili, uniletee Jumatatu.