Jina la Providence and Worcester bado lipo

Je, kampuni ya reli ya Providence and Worcester, ya New England kaskazini-mashariki mwa Marekani, ilifutwa iliponunuliwa? Hapana, haikufutwa. Jina lipo, mwenye mali ndiye aliyebadilika. Genesee & Wyoming, kampuni ya Marekani inayomiliki reli ndogo nyingi, waliichukua mwaka 2016 kwa dola milioni 126 hivi, dola 25 kwa kila hisa, baada ya kujiendesha yenyewe tangu 1973. Hao wana kawaida ya kuziachia reli ndogo majina yake, maana wenye viwanda njiani wanalijua jina la nyumbani. Tazama kichwa cha treni kilichopakwa upya: rangi ya chungwa na nyeusi ya mmiliki, lakini jina ni lilelile la zamani. Ila hisa zake usizitafute tena sokoni; hata Genesee & Wyoming wenyewe walinunuliwa 2019 na wawekezaji wakubwa, Brookfield ya Kanada na GIC ya Singapore.