Muulize Anti: Kabla ya mashine ya kuosha vyombo, pima sufuria zako

Wiki hizi karibu kila mtu ananiuliza kitu kimoja, ile mashine ndogo ya kuosha vyombo ya kukaa juu ya kaunta. Sawa, tuongee, juu mimi mwenyewe niko nayo huu mwaka wa pili, kwa nyumba ya chumba kimoja hapa South B, na iko mambo ningetaka mtu aniambie kabla sijatoa pesa.

SWALI: Anti, habari yako. Mimi naishi bedsita Roysambu na mzee na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, tuko floo ya mwisho kabisa, tanki iko hapo tu juu ya silabu. Maji inakuja siku mbili kwa wiki, hizo siku zingine ni mitungi. Mikono yangu inapasuka na sabuni mpaka inatoa damu, daktari wa ngozi ameniambia nipunguze kushika maji ya sabuni lakini sasa nitapunguza aje na vyombo ni vya kila siku? Zamu yangu ya chama inafika mwezi ujao na nafikiria hiyo mashine. Mzee anasema ni kumaliza maji na tokeni bure. Nisaidie. — Mama Boi, Roysambu

Mama Boi, pole sana na hiyo mikono, najua vile inauma ukishika pilipili ama ndimu.

Nianze na maji, juu hapo mzee hajapata sawa. Hizi mashine ndogo zenye tanki yao ya ndani unazijaza na jagi kama lita 5 hivi, na hiyo ndiyo inaosha na kusuuza mpaka mwisho. Inazungusha maji hayo hayo, inamwaga, inavuta mengine kidogo. Sasa wewe nenda leo jioni ujipime: jaza mtungi wa lita 20, osha vyombo vya usiku na beseni mbili kama kawaida, moja ya sabuni moja ya kusuuza, alafu uangalie imebaki ngapi. Mimi nilipojipima nilikuwa namaliza zaidi ya nusu ya mtungi na nilikuwa nadhani mimi ni mtu wa kubana maji. Na ile maji inatoka kwa paipu ya kumwaga usiipoteze, elekeza kwa ndoo, hiyo ni ya kumwagia choo siku mfereji umekauka. Lakini funga hiyo paipu vizuri na kamba kwa ndoo ama kwa sinki, juu inasukuma kwa nguvu, ikiruka utapiga deki nyumba yote.

Stima, kuosha mara moja kwa ile programu ya kubana inakula kama unit 0.6 mpaka 0.9, kulingana na mashine. Mwambie mzee hivi: shawa ya moto ya kilowati 5 ukioga dakika 10 imekula unit 0.8 na kitu. Kwa hivyo ni kama kuna mtu mmoja zaidi anaoga kwa nyumba. Chukua meseji ya tokeni ya mwisho, gawanya pesa uliyolipa kwa units ulizopata upate bei ya unit moja, zidisha na hizo 0.6 mpaka 0.9, utajua kuosha mara moja kunakugharimu ngapi wewe mwenyewe bila kuuliza mtu.

Sasa kuna aina mbili. Kuna ya tanki, hiyo nimekwambia, ni ndogo, karibu sentimita 42 kila upande, na kuna ile kubwa kidogo ya vyombo vya watu 6, upana kama sentimita 55, kina 50, urefu 44, hiyo inafungwa na paipu kwa mfereji. Ile ya paipu wengi wanataka presha ya angalau bar 0.4, angalia kwa kitabu chake, na bar 0.4 ni kama tanki iwe mita 4 juu ya mashine. Wewe uko floo ya mwisho na tanki iko hapo tu juu ya kichwa, hiyo presha haitoshi, mashine itakaa ikilia ikingoja maji. Wale wa floo ya kwanza ndio hawana hiyo shida, mradi tanki isikauke. Kwako wewe ni ile ndogo ya tanki ya ndani tu, hakuna haja ya kufikiria nyingine.

Lakini Mama Boi, sikiza hii hapa vizuri kuliko yote. Kabla hujapeleka pesa ya chama dukani, toa vyombo vyote ulivyopikia na kulia jana, vipange sakafuni uviangalie. Sisi hapa vyombo vyetu vikubwa ni sufuria, na sufuria nyingi za hizi nyumba zetu ni aluminiamu. Ile sabuni ya mashine ni kali, ni ya alkali, pamoja na maji ya nyuzi 60 kwenda juu inakula ile ngozi ya juu ya aluminiamu, sufuria inatoka nyeusi nyeusi kijivu na ukiipangusa na kitambaa cheupe kinachafuka. Mimi niliweka ile sufuria ya chai ya mamangu, ya kufunikwa, alikuwa ameing'arisha na mchanga na majivu miaka yote, ilitoka imefifia kama bati la zamani na haijawahi kurudi vile ilikuwa. Nililia. Kwa hivyo aluminiamu hapana. Mwiko wa ugali hapana, mbao inapasuka. Kibao cha kukatia sukuma hapana. Thamosi ya chai hapana. Ile pani nzito ya chapati hapana, inaoshwa mafuta yote na kesho yake ina kutu. Sahani za melamini angalia chini kama wameandika zinaweza kuingia, nyingi haziwezi. Na ile sufuria ya ugali hata ikiwa ya chuma isiyoshika kutu, uipime, nyingi haziingii hapo ndani, na ukoko lazima uloweke kwanza ama utarudi kuukuna.

Kinachobaki ni sahani za udongo, vikombe, glasi, vijiko, bakuli, vyombo vya uji vya mtoto na chupa zake kama zimeandikwa zinaweza. Hesabu hivyo kwa wiki moja. Kama ndivyo vingi kwa sinki yako, basi mashine itakuondolea kazi kubwa kweli, na zile sufuria mbili tatu utaziosha na glavu ndefu za raba, hapo mikono itapata nafasi ya kupona. Lakini kama nyumbani kwako ni sufuria 4 na sahani 3, wacha, nunua glavu nzuri, mzee aoshe sufuria (na hilo mwambie nimesema mimi), hiyo pesa ya chama ifanye kitu kingine.

Na kitu cha mwisho kwako, nafasi. Tafuta katoni, ikate iwe saizi ya hiyo mashine, iweke juu ya kaunta pale pale mashine itakaa na upike ikiwa hapo siku tatu. Kumbuka mlango unafunguka kuja mbele na kulala chini, na mvuke unatoka, kwa hivyo isiwe imesukumwa chini ya kabati ya mbao wala kubanana na moto wa gesi. Kama siku ya tatu hujaitupa hiyo katoni nje, nunua. Na ukienda dukani beba sahani yako kubwa kabisa kwa mfuko, uiingize uone kama inasimama bila kugonga ule mkono unaozunguka. Muuzaji akikataa, nenda kwa jirani yake.

SWALI: Anti, sista yangu yuko Marekani anasema atanitumia moja kwa kontena, huko ni bei poa. Nikubali? — Kaka wa Donholm

Kaka, mshukuru na umwambie hapana. Ya huko ni ya volti 120 na hetsi 60 (hizo ni mara ngapi stima inageuka kwa sekunde), hapa tuko volti 240 na hetsi 50. Utaambiwa utanunua transfoma, lakini kitu ya kuchemsha maji inavuta wati 1,000 na zaidi, hiyo transfoma ni kubwa, nzito, na yenyewe inataka kukaa kwa hiyo kaunta ambayo hauna. Na bado haibadilishi zile hetsi ambazo pampu ilitengenezewa.

Ukiwa na mtu Uingereza hapo sawa, stima yao inafanana na yetu na hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu. Ndiyo maana hizi mitumba za ex-UK zinafanya kazi hapa bila shida. Ukienda kununua ya mitumba usikubali kuonyeshwa taa zikiwaka peke yake, ati inawaka so iko sawa. Mwambie aweke maji, ioshe, imwage, ukiwa umesimama hapo. Angalia raba ya mlango kama imepasuka, toa chujio la chini unuse. Na ikifika nyumbani ichomeke moja kwa moja kwa soketi ya ukuta, sio kwa ekstensheni moja na friji na birika.

SWALI: Anti mimi tayari ninayo, nilifurahi wiki mbili tu. Vyombo vinatoka na sukuma imekwama, glasi ziko na kitu nyeupe, na juzi povu lilitoka mpaka sakafuni. Hapa tunatumia maji ya borehole. Ni mbovu? — Wa Utawala

Sidhani ni mbovu. Povu ni lazima uliweka sabuni ya maji ya kawaida ya vyombo, hata kijiko kimoja ni nyingi, hiyo imetengenezwa itoe povu na mashine inataka sabuni isiyotoa. Tafuta ya unga ama vidonge vya mashine, na vidonge ni vya mashine kubwa, kwa hii ndogo kata nusu.

Sukuma kukwama ni mpangilio. Hii mashine haisugui. Josephine Cochrane wa Illinois, mama aliyepata hataza, ile haki ya mvumbuzi, ya mashine yake ya kuosha vyombo mwaka wa 1886 baada ya kuchoka kuona sahani zake nzuri zikivunjwa wakati wa kuoshwa, aliitengeneza hivi, maji yarushwe kwa nguvu yagonge chombo, na mpaka leo ndivyo inafanya. Kwa hivyo pale maji hayafiki hapasafiki. Geuza sahani ziangalie katikati, usipachike kikombe ndani ya kingine, na kabla hujawasha zungusha ule mkono na kidole uone haugongi uma ama kijiko kirefu. Komba chakula kwa sahani lakini huna haja ya kusuuza. Alafu chujio lile la chini, litoe kila siku mbili ulioshe kwa mfereji, mimi siku moja nilipata punje za ndengu zimeziba nusu yake na nilikuwa nalaumu sabuni.

Hiyo nyeupe, chukua glasi moja uifute na siki. Ikitoka ni chumvi za maji, hata ndani ya birika utaiona. Weka ile dawa ya kusuuzia, na kama mashine yako ina mahali pa chumvi weka chumvi yake ile ya mashine, sio ya mezani. Isipotoka na siki, glasi yenyewe imeliwa, hiyo hairudi, punguza sabuni na joto uokoe zilizobaki.

SWALI: Mama fua wangu huja Jumatatu na Alhamisi na anaosha pia vyombo. Nikinunua mashine nimwambie nini? Ana watoto wanamtegemea. — Msomaji, Zimmerman

Usimpunguzie siku. Umeona hapo juu vile sufuria nyingi zinabaki, na nguo ziko, na sakafu iko. Mimi wangu bado anakuja siku zake zile zile, na pesa ni ile ile. Siku ya kwanza kaa naye chini umuonyeshe mashine, vile inajazwa, sabuni gani, sufuria gani haziingii, juu asipoonyeshwa ataogopa kuigusa ama ataweka sabuni ya maji kwa nia nzuri kabisa. Mwonyeshe na chujio. Na ukimaliza kumuonyesha muache awashe yeye.