Taiming belti nyumbani: Corolla 110 ndiyo, Forester hapana

Mkuu, umeuliza kama unaweza kubadili taiming belti (mkanda wa meno unaofanya krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, izungushe kamshafti inayofungua valvu) ya Corolla yako ya AE110 hapo uani, na kama mdogo wako mwenye Forester naye ajaribu. Wewe fanya. Yeye apeleke kwa fundi anayezijua Subaru.

Tofauti iko ndani ya injini. Injini yako ya 5A-FE, pamoja na ndugu zake 4A-FE na 7A-FE, mkanda ukikatika pistoni hazigusani na valvu. Gari linazima, unavutwa, unafunga mkanda mpya, safari inaendelea. EJ20, injini ya Forester, si hivyo: pistoni na valvu zinapita nafasi ileile kwa zamu, na anayelinda zamu hiyo ni mkanda. Ukikosea meno ukapiga stata, valvu zinapinda na hedi (vichwa vya injini vinavyobeba valvu) lazima zifunguliwe. Tena hedi ziko mbili, na zile zenye kamshafti nne ni balaa, kwani ukivua mkanda kamshafti za upande mmoja zinajizungusha ghafla kwa nguvu ya springi za valvu. Injini za dizeli kama 5L, 1KZ na 1HZ nazo zisiwe shule ya mtu anayeanza.

(Kwa wenye IST, Vitz na Corolla za NZE mtakaosoma hapa: injini zenu za 1NZ na 2NZ zina cheni. Fundi akikuuzia taiming belti ya IST, badilisha fundi.)

Vifaa kabla ya kufungua chochote. Nunua mkanda, beringi ya tensheni (inayokaza mkanda) na springi yake, na oili sili za kamshafti na krankshafti (krenki). Usinunue mkanda peke yake. Beringi ikijam, mkanda mpya unakatika, na sili ikivuja, oili inaloanisha mpira, basi hakuna tena mkanda hapo. Wota pampu ya 5A inazungushwa na mkanda wa nje, kwa hiyo kama haivuji iache. Kwenye injini ya Toyota ya 3S-FE na hizo Subaru pampu inaendeshwa na taiming belti yenyewe, huko inabadilishwa palepale. Kuhusu duka, mkanda usio na jina wala namba ya kusomeka rudisha hata kama bei inachekesha. Bando, Mitsuboshi na Gates zinajulikana, ila nazo zinaigwa, nunua kwa mtu unayeweza kumrudia. Na usiukunje mkanda kama kamba ya kufungia mzigo, nyuzi za ndani zinavunjika bila kuonekana.

Kwa Toyota za aina hii watu wengi hubadili kila kilomita 100,000. Lakini 110 yako ina zaidi ya miaka 20, na kama hujui mara ya mwisho ilikuwa lini, namba ya kwenye dashibodi isikudanganye. Badilisha sasa.

Kazi yenyewe. Toa waya wa betri. Inua upande wa dereva, weka stendi (jeki peke yake usiiamini), toa tairi na plastiki ya ndani. Toa mikanda ya nje. Toa plagi zote nne, injini itazunguka kwa mkono bila kukushindania. Toa kava ya valvu na kava ya juu ya taiming. Weka jeki na kipande cha ubao chini ya sampu (bakuli la oili) ibebe injini kidogo, ndipo utoe maunti (kishikio cha injini) ya upande huo.

Sasa alama, na hapa usiharakishe. Shika bolti ya puli ya krenki kwa soketi ya 19, zungusha kufuata saa mpaka mfereji wa puli ukae kwenye 0 ya kava. Kisha tazama juu: kwenye puli ya kamshafti kuna tundu dogo, na ukichungulia humo unatakiwa uone alama iliyochongwa kwenye kifuniko cha beringi ya kamshafti. Usipoiona, zungusha krenki raundi moja tena. Krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja, kwa hiyo 0 ya chini peke yake haitoshi. Zikikaa sawa, weka tipeksi juu na chini, upige na picha.

Bolti ya krenki ndiyo itakayokutoa jasho. Gari la gia za mkono, tia gia ya tano, mtu akanyage breki, wewe uvute bomba refu. La otomatiki tafuta kishikio cha puli, au mwite jirani mwenye bunduki ya upepo. Ule mtindo wa kuegemeza bomba kwenye chasisi na kupiga stata unafanya kazi, lakini mimi siutaki karibu na mikono ya mtu.

Ukishatoa puli na kava ya chini, angalia bamba la duara lililo mbele ya gia ya krenki. Kumbuka lilivyogeuka: upande uliobonyea unatazama nje. Legeza tensheni, isukume pembeni, ibane kidogo, vua mkanda. Badili sili na beringi. Mkanda mpya uanzie kwenye krenki, upande usio na tensheni uwe umenyooka kabisa, kisha uingie kwenye kamshafti. Legeza bolti ya tensheni, springi ivute yenyewe. Usisaidie kwa bisibisi. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unalia kama filimbi na kuua beringi.

Kabla ya kukaza, zungusha krenki kwa mkono raundi mbili kamili, kufuata saa tu. Ukipitiliza usirudishe nyuma, endelea raundi nyingine mbili. Angalia tundu la juu upya, na chini, kwa kuwa kava yenye 0 imetoka, linganisha alama ya gia ya krenki na alama ya bodi ya oili pampu. Usitegemee tipeksi ya mkanda wa zamani hapa, tazama alama za kiwandani. Zikipishana jino moja, vua urudie. Jino moja gari linaweza kuwaka, ila litakosa nguvu na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) itakuwa ya kutetema, utaanza kununua plagi na koili bure.

Zikikaa, kaza tensheni kwa 37 Nm, rudisha bamba, kava ya chini na puli, kisha kaza bolti ya krenki kwa 118 Nm. Azima toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), bolti ya krenki si ya kukadiria kwa bega. Rudisha vingine, washa kabla ya kufunga plastiki ya tairi, sikiliza dakika chache. Mwenye taa ya taiming (ya kupimia moto wa plagi) aunganishe tundu za TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha daignosisi, usomaji uwe nyuzi 10 kabla ya 0. Ukiwa mbali na hapo, legeza distribyuta (inayogawa moto kwa plagi) uisogeze.

Ukikwama kwenye bolti ya krenki rudi hapa uandike gari ni gia gani, nitakuelekeza.